Kusimamiwa na Kusimamika: Kauli za Kitenzi katika Uteuzi wa Vifaa vya Mtandao vya Nyumbani na vya Biashara Ndogo

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hatazamiwi kuwa mtu wa kuulizwa habari za ruta na swichi. Hata hivyo, kwa kuwa aghalabu ndiye msomi wa ukoo, yeye ndiye anayepigiwa simu mjomba anapofungua duka la kunakili na kuchapisha karatasi, au mama anapotaka intaneti ifike chumba cha nyuma. Hufika dukani, akasimama mbele ya rafu iliyojaa makasha, na muuzaji akamhakikishia: "Hiki kinasimamika bila taabu."

Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli hiyo ya muuzaji kwa zana tulizo nazo sisi, yaani zana za sarufi. Dai letu ni kwamba sentensi "kifaa hiki kinasimamika" haijamwambia mnunuzi jambo la kutosha mpaka iulizwe upya katika kauli ya kutendwa: kinasimamiwa na nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama fedha za mjomba zimetumika vyema.

Kauli mbili za kitenzi kimoja

Kitenzi simamia kimetokana na simama kwa kuongezewa kiambishi cha kauli ya kutendea, lakini kimekwisha kujitenga kimaana hata kikawa na mnyambuliko wake: simamia, simamiwa, simamika, kama vile tumia, tumiwa, tumika. Atakayehofu kwamba simamika yaweza kuhusishwa moja kwa moja na simama, na aweke mahali pake dhibiti, dhibitiwa, dhibitika. Hoja haitabadilika.

Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe: "Kikombe kimevunjwa na mtoto." Kauli ya kutendeka humkataa: hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto". Mtenda hapa hakusahauliwa na msemaji. Amefungiwa mlango na sarufi yenyewe. Isitoshe, kauli hii hubeba maana mbili, yaani hali ("kimevunjika") na uwezekano ("kinavunjika upesi"). Katika maana ya pili, uwezekano huonekana kana kwamba ni sifa iliyomo ndani ya kitu, isiyomtegemea mtu yeyote. Tukisema "mwandiko huu unasomeka", tunausifu mwandiko. Lakini mwandiko wa daktari unaosomeka kwa mfamasia huenda usisomeke kamwe kwa mgonjwa. Msomaji yumo katika maana, ingawa hamna nafasi yake katika sentensi.

Ndivyo ilivyo kwa ruta. Inasimamika, ndiyo, lakini kwa nani?

Kilichomo ndani ya kasha

Kabla ya kumtafuta mtenda, hatuna budi kukijua chenyewe kinachotendwa. Kasha moja ambalo watu wengi huliita ruta, au hata "waifai" tu, kwa kawaida lina kazi kadhaa ndani yake. Kuna ruta yenyewe, inayopitisha data baina ya mtandao wa nyumbani na intaneti ya nje. Kuna swichi ndogo, aghalabu ya matundu manne, inayounganisha vifaa vya ndani kwa kebo. Kuna kituo cha mawimbi kinachohudumia simu na tarakilishi za mkononi bila waya. Na katika makasha mengine mna pia modemu, au kipokezi cha kebo ya nyuzi. Kwa nyumba ya kawaida na duka la watu watatu au wanne, kasha moja lenye kazi hizi linatosha, na kulitenganisha katika vipande vinne ni kujiongezea nywila za kukumbuka na soketi za umeme za kutafuta.

Kuhusu mawimbi, machache yatoshe. Masafa ya gigahezi 2.4 huenda mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya gigahezi 5 hubeba data kwa kasi zaidi lakini huchoka upesi yakikutana na kuta nene za mawe, ambazo nyumba zetu nyingi zinazo. Kwa hivyo tarakilishi isiyohama na iunganishwe kwa kebo. Kebo ya daraja la Cat5e hupitisha hadi gigabiti 1 kwa sekunde katika umbali usiozidi mita 100, haina nywila, wala haina ukurasa wa mipangilio. Katika vifaa vyote vya mtandao, hakuna kinachosimamika kuliko waya.

Lebo ya swichi

Tatizo la kauli za kitenzi linajitokeza wazi zaidi pale matundu manne yanapokuwa hayatoshi, mnunuzi akahitaji swichi ya pekee. Makasha ya swichi huandikwa "managed" au "unmanaged". Mtu aliyetumwa kununua kifaa rahisi kusimamia hulitupia jicho neno la kwanza na kudhani amekipata. La hasha! Swichi ya aina hiyo ni ile inayotarajia kusimamiwa. Ina ukurasa wa mipangilio, ina jina la msimamizi na nywila, na inaweza kuyagawa matundu yake katika mitandao mbalimbali isiyoonana. Ya pili haina lolote la kupangwa: huchomekwa, ikajifunza yenyewe ni kifaa kipi kiko katika tundu lipi, ikaanza kazi.

Kwa maneno mengine, swichi inayohitaji kusimamiwa imechukuliwa kuwa ndiyo inayosimamika, ilhali kwa mtu asiye na fundi wa kudumu mambo ni kinyume. Naona kosa hili limechangiwa na tafsiri za haraka. Tukiandika "swichi simamiwa" na "swichi isiyosimamiwa", ya pili inasikika kama kitu kilichotelekezwa, mithili ya mtoto asiye na mlezi, na mnunuzi mwenye busara atakikimbia. Napendekeza "swichi yenye mipangilio" na "swichi isiyo na mipangilio". Istilahi hizi ni ndefu kidogo, lakini zinamwambia mnunuzi kitu atakachokiona: ipo kurasa ya kujaza, au haipo.

Haimaanishi kwamba swichi isiyo na mipangilio haina gharama. Mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo moja katika swichi hiyo hiyo, data huzunguka bila kikomo na mtandao mzima huweza kuganda. Nyingi za zile zenye mipangilio zina kinga dhidi ya mzunguko huo. Zisizo nayo, nyingi hazina. Dawa ni kuiweka swichi mahali pasipofikiwa na wateja wala watoto.

Kumtafuta mtenda

Sasa turejee kwa mtenda aliyefungiwa mlango. Kwa maoni yangu, watenda wanaowezekana ni wanne: mwenye kifaa, fundi, kampuni inayouza intaneti, na mtengenezaji.

Kasha linalotolewa na kampuni ya intaneti mara nyingi husimamiwa na kampuni yenyewe kutoka mbali. Utaratibu mmoja wa kufanya hivyo, uitwao TR-069, ulichapishwa mwaka wa 2004. Mpango huu una faida: mteja asiyejua lolote hutengenezewa kifaa bila fundi kuja. Una hasara pia, kwani mwenye duka huenda asiruhusiwe kubadilisha baadhi ya mipangilio. Aulize mapema ni nini anachoruhusiwa, hasa iwapo anaweza kubadilisha nywila na kuwatengea wageni mtandao wao.

Mtenda wa nne ndiye anayesahauliwa zaidi, na kisa cha ruta ya OnHub kinamfichua. Ruta hiyo ilitolewa na Google mwaka wa 2015, ikitengenezwa kwa ushirikiano na TP-Link na baadaye ASUS. Sifa yake kubwa ilikuwa wepesi: mipangilio yote ilifanywa kwa programu ya simu, bila kurasa zenye istilahi za kutisha. Tarehe 19 Desemba 2022 Google ilikoma kuihudumia. Ruta ziliendelea kutoa mawimbi, lakini wenyewe hawakuweza tena kubadilisha mipangilio ya mtandao wao kupitia programu ya Google. Kifaa hakikuharibika, wala mwenyewe hakusahau nywila. Ilikuwa inasimamika kwa sababu mtenda mmoja wa mbali alikubali isimamike, naye alipojiondoa kitenzi kikabaki bila mtu.

Hii si hoja ya kuzikataa ruta zinazopangwa kwa simu. Kwa wengi ndizo zinazoeleweka. Ni hoja ya kuuliza kama kifaa kina njia ya pili, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kivinjari ndani ya nyumba, hata intaneti ikiwa imekatika.

Mtenda asiyealikwa

Yuko mtenda wa tano, ambaye hakuna muuzaji amtajaye. Mwaka wa 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea katika kamera, ruta na vifaa vingine vilivyounganishwa na intaneti. Haikuhitaji ujuzi wa ajabu. Ilikuwa na orodha ya jozi takriban 60 za majina na nywila zinazowekwa kiwandani, ikazijaribu moja baada ya nyingine. Vifaa vilivyotekwa vilitumiwa tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti mashuhuri, Twitter na Netflix zikiwamo, zikawa hazifikiki kwa watumiaji wengi. Vifaa hivyo navyo vilikuwa vinasimamika kwa urahisi, tena kupita kiasi!

Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inakataza kuuzwa kwa vifaa vya namna hii vikiwa na nywila moja ya kiwandani inayokisika kwa urahisi, na inamtaka mtengenezaji aseme atatoa masasisho ya usalama kwa muda gani. Mnunuzi wa Nairobi au Eldoret halindwi na sheria hiyo, lakini anaweza kuyaazima maswali yake. Aidha, aangalie kama kifaa kina ulinzi wa WPA3, uliotangazwa mwaka wa 2018, au angalau WPA2 wa mwaka wa 2004. Ulinzi wa zamani wa WEP usitumiwe. Udhaifu wake umejulikana tangu mwaka wa 2001. Na hapa kwetu, kifaa cha mawasiliano kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Duka la mjomba

Tuyaweke haya yote katika duka la kunakili lililo karibu na lango la chuo. Lina tarakilishi tatu, printa moja, na wateja wanaoomba waifai wakati wakisubiri. Katika tarakilishi hizo mna nakala za vitambulisho, vyeti vya mitihani na wasifukazi za watu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayehifadhi data ya watu ailinde. Mteja anayesubiri hastahili kuwa katika mtandao mmoja na nakala ya kitambulisho cha mwenzake.

Je, mjomba anunue swichi yenye mipangilio ili agawe mitandao? Sioni haja. Ruta yenye mtandao wa wageni, jambo ambalo ruta nyingi za nyumbani zinalo, itamtosha: tarakilishi na printa kwa kebo, wateja kwa mawimbi ya wageni yenye nywila yake. Matundu yakipungua, aongeze swichi isiyo na mipangilio nyuma ya kaunta. Betri ndogo ya kuhifadhi umeme itaifaa ruta kuliko swichi ya bei kubwa, kwa maana stima ikipotea hakuna mpangilio utakaookoa kazi.

Inabaki karatasi moja, na hii ndiyo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili hasa. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe ndani ya kabati na si ukutani, nayo ijaze nafasi ambayo kauli ya kutendeka iliiacha wazi. Anwani ya ukurasa wa mipangilio ni hii. Akaunti ya ruta imesajiliwa kwa jina la fulani. Nywila ya msimamizi ilibadilishwa na fulani, tarehe fulani, nayo imehifadhiwa mahali fulani. Programu dhibiti husasishwa na ruta yenyewe, au na fulani kila mwisho wa mwezi. Intaneti ikikatika, apigiwe fulani kwanza. Karibu kila sentensi ya karatasi hiyo ina kiambishi cha kutendwa, na panapohusika mtu, "na" inafuatwa na jina la mtu anayejulikana dukani.