SOMO: MOFINI, DAWA YA MAUMIVU MAKALI

Katika somo hili twataka kujifunza habari za dawa iitwayo mofini. Wengi wetu hapa Mabawa tumepata kumwuguza jamaa mwenye saratani au maradhi mengine mazito, nasi twajua jinsi maumivu yanavyomnyima mtu usingizi, chakula na hata sala. Dawa ya kumpumzisha ipo. Lakini katika nyumba nyingine chupa hukaa kabatini bila kufunguliwa, kwa kuwa jamaa wanaiogopa. Na katika nyumba nyingine huachwa mezani kama dawa ya kikohozi. Makosa yote mawili huumiza watu.

Asili yake
Mofini hutoka katika utomvu wa mpopi, ambao wazee wetu wa pwani waliuita kasumba au afyuni. Heroini, ile ambayo vijana huiita unga, hutengenezwa kwa mofini. Basi si ajabu watu wa Tanga, walioona vijana wao wakiharibiwa na unga, washtuke wakisikia jina hili. Lakini mofini ya hospitali hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu yaliyoshinda dawa nyingine. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi tatu: maumivu madogo hupewa aspirini au parasetamoli, ya kati kodeini, na makali mofini.

Huko Uganda Dk. Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ambayo mgonjwa hunywa akiwa nyumbani kwake. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imechanganya mofini ya namna hiyo. Na jirani yetu hapa, katika Hospitali Teule ya Muheza, hospitali iliyotokana na misheni ya Kianglikana ya Magila, huduma ya kuwatuliza wagonjwa mahututi ilianzishwa mwaka 2001.

Hofu tatu
Wako wasemao kwamba mofini ni dawa ya kumalizia mgonjwa. Sivyo. Ikianzwa kwa kiasi kidogo na kuongezwa taratibu kwa shauri la daktari, haiharakishi kifo. Watu huiona hivyo kwa sababu mara nyingi huletwa kwa kuchelewa, siku za mwisho.

Wengine husema mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. Ni kweli kwamba mwili huizoea, na kwa hiyo haifai kuiacha ghafula. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Lakini anyweaye kwa maumivu makali, kwa kipimo alichopewa, ni mara chache kushikwa na tamaa ile ya mvuta unga. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa asiye na ugonjwa aichukuaye kwa siri, au kwa mwenye maumivu madogo aendeleaye kuinywa miezi mingi bila kuangaliwa. Tramadoli nayo ni ya jamaa hii. Tusiinunue bila cheti.

Tena wako waonao kwamba Mkristo apaswa kuvumilia, kwa kuwa Bwana wetu alikataa divai yenye manemane pale msalabani (Marko 15:23). Lakini yeye hakumnyima mgonjwa yeyote nafuu, na Msamaria aliyemsifu alianza kwa kutibu majeraha (Luka 10:34). Mgonjwa akichagua mwenyewe kuvumilia, tumheshimu. Sisi tulio wazima tusimchagulie.

Jinsi ya kuitumia
1. Ifuate saa, usingoje maumivu yarudi. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi. Aliyeanza saa 12 asubuhi atakunywa tena saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku, kama daktari alivyoandika.
2. Soma nguvu ya dawa kila upokeapo chupa mpya. Chupa moja yaweza kuwa na miligramu 5 katika mililita 5, na nyingine miligramu 50 katika mililita zizo hizo, yaani mara 10. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wala si kwa kijiko cha nyumbani.
3. Choo kigumu humpata karibu kila mgonjwa. Omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Papai na maji husaidia. Kichefuchefu na usingizi kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.
4. Asinywe pombe wala dawa za usingizi pamoja nayo. Mwenye ugonjwa wa figo au wa mapafu amwambie daktari.
5. Ifungie kwa ufunguo, mbali na watoto. Usimgawie mwingine, hata akiwa na maumivu kama hayo. Mgonjwa akifariki, irudishe iliyobaki hospitalini.

Dalili za hatari
Mtu aliyezidishiwa haamki akiitwa wala akitikiswa, pumzi zake ni chache na za polepole, na mboni zake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Usimpe dozi nyingine. Usimnyweshe maziwa wala chochote. Mlaze kwa ubavu, umwangalie pumzi, na umkimbize hospitali pamoja na chupa yake. Iko dawa ya kuitangua, iitwayo naloksoni. Mtoto aliyeonja hata kidogo apelekwe vivyo hivyo, bila kungoja dalili.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika mtaa wetu, ni nani anayeugua kwa maumivu makali, na nani amekwenda kumwulizia dawa?
2. Tukienda kumtazama mgonjwa, maneno yetu kuhusu dawa humsaidia au humtia hofu?
3. Nyumbani mwako dawa hufungiwa wapi, na ufunguo anao nani?