SOMO LA AFYA: KUPASULIWA KWA TUNDU MOJA LA KITOVUNI

Tukitembelea vikundi, swali moja hurudi kila mara: ni kweli siku hizi mtu anapasuliwa tumbo kupitia kitovuni, na kovu halionekani? Wengine huuliza kwa furaha, wengine kwa hofu, maana kitovu kwetu si kitu cha mchezo. Leo tujifunze pamoja. Katibu asome polepole, na mwenye swali amsimamishe.

Si jambo geni kwetu

Wengi hudhani kupasua tumbo kuliletwa na wazungu. Sivyo. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Uganda, Mwingereza Robert Felkin alimwona mpasuaji wa Kiafrika akimtoa mtoto tumboni kwa kisu. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo hiyo mikono na tumbo vikaoshwa. Kidonda kilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma. Kufikia siku ya 11 kilikuwa kimepona. Basi tusiogope kisu kana kwamba ni uchawi wa watu wengine.

Kazi inafanywa namna gani

Kitovu ni kovu la kwanza la kila mtu, pale kamba ya mama ilipokatwa. Hakuna nguvu za mtu zinazokaa hapo zikatoroka. Madaktari hupapenda kwa sababu ukuta wa tumbo ni mwembamba hapo, na alama mpya hujificha ndani ya mikunjo.

Kwanza mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hukata kitovuni kama sentimita 2 na kuingiza hewa ya ukaa, ile tunayotoa tukipumua. Tumbo huinuka kama hema ili ndani kuonekane vizuri. Kamera ndogo yenye taa na vyombo virefu vyembamba hupitia tundu hilo hilo, na daktari hufanya kazi akitazama televisheni. Kidole tumbo kilichooza, au mfuko wa nyongo wenye mawe, hutolewa hapo hapo. Kisha hewa hutolewa na tundu hushonwa. Bega likiuma siku moja mbili baadaye, mara nyingi ni ile hewa kidogo iliyobaki.

Njia ya kamera iliyozoeleka hutumia matundu madogo matatu au manne. Kurt Semm wa Ujerumani alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo mwaka 1980, na madaktari wenzake wakamlaumu. Leo ni kazi ya kawaida duniani. Tundu moja ni mtoto wa njia hiyo.

Faida na hasara

Kidonda kidogo huuma kidogo, na mtu hurudi shambani mapema kuliko aliyepasuliwa kwa kisu kirefu. Lakini tuseme ukweli wote. Tukilinganisha tundu moja na yale matatu, faida kubwa ni kovu kufichika tu. Vyombo hugongana ndani, kazi huchukua muda zaidi, na ngiri ya kitovu hutokea mara nyingi zaidi baadaye. Kwa hiyo hata mwenye tundu dogo asikimbilie kubeba gunia la mahindi la kilo 90. Angoje ruhusa ya daktari.

Tena, si kila hospitali ina kamera na daktari aliyefundishwa kuitumia. Ukiambiwa utapasuliwa kwa njia ya zamani, usikatae ukarudi nyumbani. Njia ya zamani inaokoa watu kila siku.

Tundu dogo halimngoji aliyechelewa

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Tuchukue mfano wa kijana wa Kiminini, tumwite Wafula. Jumatatu tumbo linamwuma karibu na kitovu. Jioni maumivu yanahamia chini upande wa kulia, chakula hakitaki, anatapika. Akipanda boda boda, kila tuta la barabara linamchoma tumboni. Nyumbani wanamwambia ni minyoo, anapewa dawa ya kuendesha. Jumatano maumivu yanapungua ghafla, wote wanamshukuru Mungu. Kumbe kidole tumbo kimepasuka! Alhamisi homa iko juu, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Sasa usaha umeenea, na huenda daktari akalazimika kufungua tumbo kwa kisu kirefu ili alioshe. Wafula angefika Jumanne, pengine tundu dogo lingetosha.

Kwa hiyo maumivu ya namna hii yakianza, usimpe mgonjwa dawa ya kuendesha, usimkande tumbo, usimlazimishe kula. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mama aliyekosa hedhi akiumwa chini ya tumbo, msingoje hata saa moja.

Kikundi kifanye nini

1. Tengeni mfuko wa dharura, mbali na fedha za mzunguko. Mweka hazina awe na ruhusa ya kutoa nauli usiku bila kuitisha mkutano.

2. Andikeni namba za simu za watu wawili wenye gari au pikipiki.

3. Kila familia ijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ilipoanza, kiwango cha chini kilikuwa shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara alitakiwa kulipa mwaka mzima pamoja, yaani shilingi 3,600. Fedha hizo kuzipata mara moja ni ngumu, lakini kikundi kinaweza kuweka akiba kidogo kidogo.

4. Mkifika hospitali, ulizeni bila haya: ni ugonjwa gani, ni njia gani, ni gharama gani?

Luka, mwenzake Mtume Paulo, alikuwa tabibu. Kumwendea daktari si kukosa imani.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu aliyechelewa kwenda hospitali? Ni nini kilimchelewesha?

2. Mtu akiugua saa nane usiku leo, nauli itatoka wapi?

3. Ni familia gani bado hazijajiandikisha? Nani atazisaidia, na lini?