Fundi wa mistari ya risasi

Zamani kila herufi ya gazeti ilishikwa na vidole vya mtu. Fundi alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, akaokota herufi moja moja, akazipanga. Gazeti lilipokwisha kupigwa chapa, alirudisha kila herufi chumbani mwake. Kazi hiyo ilichosha sana.

Basi Ottmar Mergenthaler, aliyezaliwa Ujerumani mwaka wa 1854, alijifunza kutengeneza saa, kisha akahamia Amerika mwaka wa 1872. Huko alibuni mashini iitwayo Linotype. Tarehe 3 Julai 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kuitumia.

Mwenye kujifunza mashini hiyo huketi mbele ya vitufe 90. Vya kushoto ni vya herufi ndogo, vya kuume ni vya herufi kubwa. Asivipige kwa nguvu, aviguse tu. Akigusa kimoja, kalibu ndogo ya shaba ya manjano huteleza kutoka juu. Ubavuni mwake imechimbwa herufi. Kalibu hujipanga, na kati ya maneno hushuka kabari za chuma. Mstari ukikaribia kujaa, mwanafunzi husukuma mkono wa mashini. Kabari hupanda, zikatanua nafasi za maneno mpaka mstari ujae sawasawa. Ndipo risasi iliyoyeyuka husukumwa ndani ya kalibu, ikaganda mara moja. Mstari mzima hutoka, nao ungali moto.

Risasi hiyo huchanganywa na antimoni na bati kidogo, na joto la chungu chake ni karibu digrii 280. Hapo ndipo pa kuangalia sana! Mwanafunzi mwenye haraka hupeleka mstari mfupi. Kabari haziwezi kuujaza, mwanya unabaki, na risasi huruka nje. Lakini hatari nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Kipande cha risasi kikitiwa chunguni kikiwa na maji, maji hugeuka mvuke ghafula na kurusha risasi ya moto juu. Mtu aweza kupofuka. Kwa hiyo kipande hukaushwa kabisa kwanza.

Na akikosea herufi? Hakuna kufuta. Fundi hupitisha kidole juu ya safu mbili za kushoto, toka juu hata chini, ili aujaze mstari ule mbaya upesi, kisha autupe. Mashini za Kiingereza huandika hivi: etaoin shrdlu. Mara nyingine fundi alisahau kuutupa, na wasomaji wakayakuta maneno hayo katika gazeti, wakashangaa!

Kalibu nazo hurudi zenyewe, na mimi naona hilo ndilo jambo la akili kuliko yote. Kila moja ina meno kama ufunguo. Hutembea juu ikining'inia kwa meno yake, na ikifika penye chumba chake huanguka, si pengine.

Gazeti la New York Times liliacha mashini hizo mwaka wa 1978. Zilizobaki zimo hasa katika nyumba za makumbusho, na huko wazee wa kazi hiyo huwafundisha vijana.

Maulizo. Kabari zafanya kazi gani? Kwa nini kipande cha risasi hukaushwa? Kalibu hujuaje chumba chake?