Tazama Fizi za Mtoto

Kuna ugonjwa unaoanza kwa fizi kutoka damu na kuishia kumla mtoto shavu. Unaitwa noma. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, hasa waliotoka kuugua surua au malaria kali huku njaa ikiwa imekwisha kuwakondesha. Usipotibiwa, unaweza kuua watoto 9 kati ya 10, na kwa kuwa unakwenda mbio, wengi hufia nyumbani kabla hata jirani hajajua wanaumwa nini. Hata hivyo, katika siku zake za mwanzo noma huzuiwa kwa dawa za kawaida. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa nyumbani aliyetazama ndani ya kinywa mapema. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu huyo: mama, baba, dada mkubwa anayebaki na wadogo zake wazazi wakienda shambani.

Vijidudu si wageni

Kinywa cha kila mtu kina vijidudu. Wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 700. Kwa mtoto mwenye afya vinakaa bila kuleta balaa, kwa sababu mate yana kinga inayovizuia kushika, na kando ya meno chembe nyeupe za damu ziko zamu usiku na mchana. Mtoto akikosa chakula cha kutosha, mate hupungua na kinga iliyomo hudhoofika, hata kabla mwili wote haujaonekana kukonda.

Profesa Cyril Enwonwu, mtafiti wa meno kutoka Nigeria aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, alishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walipima damu za watoto wa vijiji maskini vya Nigeria, wakakuta zinki, vitamini A, vitamini C na viini vya protini vimepungua sana. Mwenzake William Falkler alichunguza vidonda vyenyewe, akapata bakteria wa jamii ya fuzobakteria na prevotela. Mpaka leo hakuna kijidudu kimoja kilichothibitishwa kwamba ndicho peke yake kinacholeta noma. Ua likianguka, hata mbuzi wa nyumbani huingia shambani. Ndivyo vijidudu vya kinywa vinavyomfanyia mtoto aliyeishiwa nguvu.

Kwa hiyo noma haiambukizi. Mtoto mwenye noma anaweza kulala na ndugu zake na kula nao sahani moja. Wala si laana, wala si uchawi wa jirani. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu siku anazopotezewa mtoto kwa mfumu, au akifichwa chumbani kwa aibu, ndizo siku ambazo dawa ingemwokoa.

Ulaya nayo ilikuwa na noma. Ilitoweka kadiri watu walivyoanza kula vizuri, kabla penisilini haijapatikana, kisha ikarudi katika kambi za mateso za Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nani anaweza kusoma habari hiyo bila kuwafikiria watoto wetu wanaolala chini ya mahema? Huku Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, familia zimekimbia vita mara kwa mara tangu miaka ya 1990, zikiacha mashamba hata kabla ya kuvuna. Juu ya hapo kuna surua. Mwaka 2019 ugonjwa huo ulienea Kongo nzima, wagonjwa wakapita 300,000, na waliokufa wakazidi 6,000. Surua hutoa vidonda kinywani, humaliza vitamini A mwilini, tena huufanya mwili usahau kinga uliyokwisha kujijengea: utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2019 ulionyesha kwamba watoto walioiugua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Mtoto akipona surua, msifikiri hatari imekwisha. Wiki zinazofuata ndizo za kumchunga.

Namna ya kutazama

Mpakate mtoto mahali penye mwanga. Nawa mikono kwa sabuni, kisha inua mdomo wa juu, na shusha wa chini. Fizi nzima ni ngumu kidogo na haitoki damu ikiguswa. Fizi inayoanza kuharibika huvimba, huwa nyekundu sana, hutoka damu mtoto akila au akisafishwa meno. Baadaye nyama iliyo katikati ya meno huwa na rangi ya kijivu na kuoza, kinywa hunuka vibaya mno, mtoto hutokwa mate na kukataa chakula. Harufu hiyo isichukuliwe kuwa ni uchafu tu wa kinywa.

Hapo nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwonyeshe muuguzi kinywa, usimweleze homa tu. Kwa kawaida atampa amoksilini pamoja na metronidazoli, atampima mkono kwa utepe, na mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ataingizwa katika matibabu ya utapiamlo mkali. Shavu likivimba, hakuna kusubiri kesho. Likionyesha doa jeusi, ni hospitali kuu ya rufaa, ya Masisi au ya Walikale, hata kama ni kubebwa kwa machela. Njiani na nyumbani, safisha kinywa kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji yaliyochemshwa yenye chumvi: nusu kijiko cha chai katika glasi moja. Usipake majani, majivu wala unga wa vidonge juu ya kidonda.

Kabla ya hayo yote kuna chanjo ya surua, inayoanza mtoto akitimiza miezi 9. Ukiwa safarini, kadi yake ikae na nguo zako. Na kuna chungu. Bugali wa muhogo peke yake hushibisha bila kulinda. Walikale mna mawese, na yale mekundu yamejaa kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Usiyachemshe mpaka yawe meupe. Masisi kuna maharagi na maziwa. Mtoto anayetoka kuugua apewe uji wenye soya, lenga-lenga, yai likipatikana, kidogokidogo lakini mara nyingi, na asiachishwe ziwa mapema. Meno yasafishwe kila siku. Kijiti kilichotafunwa ncha kinatosha kama hakuna mswaki.

Waliokwisha kupona

Tarehe 15 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliingiza noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, baada ya Nigeria kupeleka ombi. Waliobaki na makovu wanaweza kufanyiwa upasuaji, ila hufanywa kidonda kikiwa kimekauka kabisa na mwili umepata nguvu, si mapema. Wakati wa kungoja, taya lisiachwe likajifunga. Muuguzi atawafundisha zoezi la kufungua kinywa kwa vijiti bapa vya mbao, kimoja leo, kingine kikiongezwa kadiri nafasi inavyopanuka, na lirudiwe kila siku hata kovu likivuta na mtoto akilia.