Familia ya Mtopetope: Alama za Kuutambua Mmea Uparamiao

Mwanafunzi wa Lumemo, karibu na Ifakara, huujua mtopetope na mstafeli kwa matunda yake. Lakini katika misitu ya mashariki ya Tanzania imo mimea ya familia hiyohiyo isiyosimama peke yake, bali huparamia miti mingine kwa mashina magumu. Miongoni mwake ni msofu, wa jenasi *Uvaria*. Familia yenyewe huitwa *Annonaceae*, nayo ina spishi zipatazo 2,400, nyingi zikiwa katika nchi za joto. Je, undugu huo huthibitishwaje?

Kwanza, harufu. Jani likifikichwa hunukia, kwa sababu lina seli zenye mafuta. Hata hivyo, harufu pekee si ushahidi: mvumbasi nao hunukia, na si wa familia hii.

Pili, majani. Hupishana katika safu mbili, na ukingo wake hauna meno. Majani ya *Uvaria* aghalabu huwa na vinyweleo vyenye umbo la nyota, vionekanavyo kwa kioo cha kukuzia.

Tatu, ua. Kwa kawaida lina sepali 3 na petali 6 katika duru mbili. Stameni ni nyingi, na kapeli zimetengana.

Nne, tunda. Katika mtopetope kapeli huungana kuwa tunda moja. Katika msofu kila kapeli huwa tunda dogo lenye kikonyo chake. Kwa hiyo kichala kizima hutokana na ua moja tu.

Tano, mbegu. Ikikatwa, akiba yake ya chakula huonekana ina mikunjo mingi.

Elimu hii si ya mtihani tu. Mwaka 1991 Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba dondoo za *Uvaria* huzuia vimelea vya malaria katika maabara. Matokeo ya maabara si tiba. Mwenye homa hana budi kupimwa hospitalini. Lakini mmea ukipewa jina lisilo lake, utafiti wote hupotoka; na mizizi ikichimbwa ovyo, mmea hufa kabla haujachunguzwa.

Zoezi: Chukueni tawi lenye ua na mbegu za mstafeli, pamoja na tawi la mvumbasi. Linganisheni alama hizo tano. Ni ipi inayofanana, na ni zipi zinazotofautiana?