SOMO LA UNUNUZI WA SERIKALI: KANUNI YA WAWILI NCHINI MAREKANI

Serikali yoyote inaponunua bidhaa au huduma hukabiliwa na mvutano. Kampuni kubwa huweza kuuza kwa wingi na kumpunguzia ofisa kazi ya makaratasi. Mfanyabiashara mdogo naye ni mlipa kodi, na fedha inayotumika ni yake pia. Makala haya yanaeleza namna Serikali ya Shirikisho ya Marekani ilivyoushughulikia mvutano huo kwa sheria, ili watumishi wanaosimamia zabuni na wananchi wanaoziomba waone wajibu wa ofisa unaanzia wapi.

Msingi wa utaratibu huo ni Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 1953, iliyotiwa saini na Rais Dwight Eisenhower, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Biashara Ndogo. Kwa marekebisho ya mwaka 1997, lengo la nchi nzima ni kwamba asilimia 23 ya thamani ya mikataba mikuu ya Serikali iende kwa wafanyabiashara wadogo. Ifahamike kuwa neno "mdogo" hapa halina maana ya mwenye genge. Kila aina ya kazi imewekewa kipimo chake, ama kwa idadi ya wafanyakazi ama kwa wastani wa mapato ya mwaka, na katika baadhi ya viwanda kampuni yenye wafanyakazi mia kadhaa bado huhesabiwa kuwa ndogo.

Lengo peke yake, hata hivyo, halimbani ofisa mmoja mmoja, kwani huweza kudai kuwa wenzake wamekwisha kulitimiza. Kinachombana ni ile inayoitwa Kanuni ya Wawili. Ununuzi unaozidi kiwango cha manunuzi madogo kabisa lakini usiozidi kiwango cha ununuzi wa njia nyepesi hutengewa wafanyabiashara wadogo, isipokuwa ofisa aone kuwa hapana matarajio ya maana ya kupata wadogo wawili au zaidi watakaoshindana kwa bei ya soko. Viwango hivyo, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, ni dola 15,000 na dola 350,000. Juu ya kiwango cha pili, zabuni hutengwa pale ofisa anapoona kuwa matarajio hayo yapo. Idadi ya wawili imewekwa kwa sababu mmoja hana wa kushindana naye, na Serikali ingekuwa mikononi mwake katika bei.

Maana yake ni kuwa ofisa hana budi kulichunguza soko kabla ya kutangaza zabuni. Aidha, akimwona mdogo anayestahiki kushinda kuwa hana uwezo wa kuifanya kazi, kwa kawaida hawezi kumwacha vivi hivi; hulipeleka suala hilo kwa Mamlaka ya Biashara Ndogo, ambayo ikiridhika humpa mzabuni huyo hati ya uwezo. Mshindi naye amewekewa mpaka: katika mkataba wa huduma uliotengwa, haruhusiwi kuwalipa wakandarasi wasio wa daraja lake zaidi ya asilimia 50 ya malipo anayopewa na Serikali. La sivyo, mdogo angekuwa kivuli tu cha mkubwa.

Uzito wa kanuni hii ulipimwa katika kesi ya Kingdomware Technologies, kampuni iliyomilikiwa na askari mstaafu aliyepata ulemavu kazini. Sheria ya mwaka 2006 iliitaka Wizara ya Askari Wastaafu ya Marekani iwatengee zabuni zake wastaafu wenye biashara ndogo kwa kufuata Kanuni ya Wawili. Mwaka 2012 Wizara hiyo ilihitaji huduma ya kutoa taarifa za dharura katika vituo vyake vya tiba, ikainunua kwa kampuni isiyo ya wastaafu kupitia orodha ya bei zilizokwisha kukubaliwa, bila ya kuchunguza kama wapo wastaafu wawili wanaoweza. Thamani yake haikufika dola 35,000.

Kingdomware ililalamika mbele ya Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ikaungwa mkono. Wizara ikaukataa ushauri huo. Kampuni ikafungua kesi, ikashindwa katika mahkama mbili. Hoja ya Wizara ilikuwa kwamba kanuni ni njia ya kufikia malengo ya mwaka, na malengo yakitimia ofisa ana hiari. Tarehe 16 Juni 2016 Mahkama ya Juu, majaji wote wanane kwa kauli moja, iliamua vinginevyo: sheria inaposema ofisa "lazima" atenge, hapana hiari, malengo yatimie yasitimie, na kuagiza kupitia orodha ya bei hakumtoi ofisa katika wajibu huo.

Uamuzi huo ulihusu sheria mahsusi ya Wizara hiyo. Katika idara nyingine, sheria ya mwaka 2010 ilitoa hiari ya kutenga au kutotenga maagizo ya aina hiyo, na wafanyabiashara wadogo wameendelea kuilalamikia hiari hiyo. Mkataba uliogombaniwa na Kingdomware ulikuwa umekwisha kutekelezwa mwezi wa Mei 2013, miaka mitatu kabla ya hukumu. Mahkama iliisikiliza kesi kwa sababu mikataba mifupi kama huo huisha siku zote kabla ya jaji kufikiwa.