Vumbi la Sahara: Kizuizi cha Vimbunga, Mzigo wa Mapafu

Kila mwaka mamilioni ya tani za vumbi huinuliwa na upepo kutoka Jangwa la Sahara, huvuka Bahari ya Atlantiki na kuvifikia visiwa vya Karibi. Huko Barbados, mtafiti Joseph Prospero na wenzake walianza kulipima tangu mwaka 1965. Vumbi hilo lina sura mbili: baharini hudhoofisha dhoruba, na nchi kavu hudhoofisha mapafu. Makala haya yanaeleza sura zote mbili, kwa kuwa ujio wa moja haumwondolei mhudumu wa afya wajibu wa kujiandaa kwa nyingine.

Kimbunga huzaliwaje?

Kimbunga cha kitropiki huhitaji maji ya bahari yenye joto la takribani nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, hewa yenye unyevu hadi tabaka za kati za angahewa, na pepo zisizotofautiana sana kati ya chini na juu. Huhitaji pia chanzo cha msukosuko. Katika Atlantiki, chanzo hicho mara nyingi ni mawimbi ya hewa yanayotoka Afrika Magharibi na kuelekea magharibi. Mvuke unapopanda na kugeuka matone, huachilia joto, na joto hilo ndilo linaloiendesha dhoruba.

Vumbi huzuia kwa njia gani?

Vumbi halisafiri peke yake. Hubebwa ndani ya tabaka la hewa ya moto na kavu, ambalo huelea juu ya bahari kati ya kilomita 1.5 na 5 hivi. Tabaka hilo huizuia dhoruba kwa njia kuu tatu.

Kwanza, hewa kavu ikipenya ndani ya mawingu, matone hugeuka tena kuwa mvuke. Hewa hupoa, huwa nzito na kushuka, hivyo dhoruba hukatiwa chakula chake cha hewa yenye unyevu.

Pili, ndani ya tabaka hilo hupita upepo mkali wa mashariki. Tofauti ya upepo kati ya chini na juu huongezeka, na mnara wa mawingu huinamishwa kabla haujakomaa.

Tatu, chembechembe za vumbi hupunguza mwanga wa jua unaofika baharini, na uso wa maji hupoa kiasi.

Zipo pia athari zisizo na mwelekeo mmoja. Chembechembe huweza kuwa viini vya matone ya mawingu, na kwa hiyo hubadilisha idadi na ukubwa wake. Matokeo yake hutegemea wingi wa vumbi na hali ya wingu lenyewe.

Funzo la mwaka 2020

Mwezi Juni mwaka 2020, wingu kubwa mno la vumbi lilivuka Atlantiki, likatia ukungu anga la Karibi na kufika kusini mwa Marekani. Hata hivyo, msimu huo ulimalizika ukiwa na dhoruba 30 zilizopewa majina, idadi ambayo haikuwahi kurekodiwa kabla katika bahari hiyo. Hakuna mgongano hapo. Vumbi hukithiri Juni na Julai, kisha hupungua kuanzia katikati ya Agosti, wakati bahari inapokaribia kilele cha joto lake. Vumbi huahirisha hatari, haliifuti.

Gharama kwa afya

Siku ambazo bahari imetulia kwa sababu ya vumbi, hewa ya kupumua huwa chafu. Chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 10 huingia katika njia ya hewa. Zile zisizozidi mikromita 2.5 hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huamsha pumu na kuzidisha maradhi sugu ya mapafu na ya moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa siku usiozidi mikrogramu 15 za chembechembe hizo ndogo katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Karibu na jangwa lenyewe, mzigo ni mzito zaidi. Katika ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, milipuko ya homa ya uti wa mgongo hutokea katika msimu wa ukavu na vumbi, na hupungua mvua zinapoanza. Inadhaniwa kwamba ukavu na vumbi hujeruhi utando wa pua na koo, na hivyo kuvirahisishia vimelea njia.

Hitimisho

Tangazo la vumbi linapotolewa, wagonjwa wa pumu, wazee na watoto wadogo wabaki ndani, madirisha yafungwe, na dawa za kuvuta ziwe karibu. Wanaolazimika kutoka wavae barakoa inayobana vizuri usoni. Nazo hospitali za visiwani zitumie majuma hayo kukagua jenereta, akiba ya maji na dawa. Anga la vumbi ni muhula wa maandalizi, si hati ya usalama.